Jina Lako Katika Soko la Sarafu za Kidijitali: Sheria Mpya Inachukua Nini na Inakuachia Nini

Mkaazi anayelipwa kazi za mtandaoni kwa sarafu za kidijitali, au anayeweka humo akiba yake ndogo, siku hizi hukutana na ombi moja kabla ya kuruhusiwa kutoa hata shilingi: piga picha ya kitambulisho chako mbele na nyuma, kisha tazama kamera na ugeuze uso kushoto na kulia. Wako wanaokubali bila kusoma chochote. Wako pia wanaoogopa na kutafuta njia za pembeni, kama vile kutumia akaunti ya mtu mwingine. Wote hao wanaweza kuumia.

Somo la toleo hili linaeleza ombi hilo linatoka wapi, jina lako linakwenda wapi baada ya kulitoa, na ni haki gani bado unazo. Hatukushauri ununue sarafu hizi, wala hatukukatazi. Bei yake hupanda na kushuka ghafla, na uamuzi wa kuweka pesa humo ni wako. Tunachotaka ni kwamba anayezitumia ajue anatia sahihi kitu gani.

Jambo kuu la kukumbuka ni hili: sheria mpya inaondoa kutojulikana, lakini haiondoi faragha. Maneno haya mawili yanafanana, ila si kitu kimoja, na anayeyachanganya hupoteza yote mawili.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Sarafu za kidijitali kama vile Bitcoin hazitolewi na benki kuu ya nchi yoyote. Bitcoin ilielezwa kwa mara ya kwanza Oktoba 2008 katika andiko la mtu au kundi lililojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wake ukaanza kufanya kazi Januari 2009. Mpaka leo haijathibitishwa Satoshi ni nani. Nyingine, kama USDT, hufungamanishwa na thamani ya dola ya Marekani, na ndizo hutumiwa sana na wanaolipwa kutoka ng'ambo.

Soko la sarafu za kidijitali ni kampuni inayokuwezesha kununua, kuuza na kubadilisha sarafu hizo, mara nyingi kupitia programu ya simu. Kazi yake inafanana na ya duka la kubadilisha fedha za kigeni, ila hili huweza pia kukutunzia sarafu zako.

Pochi ya kidijitali ni mahali unapotunza ufunguo wa siri wa sarafu zako. Pochi inaweza kuwa chini ya kampuni, au ukaitunza mwenyewe. Ukiitunza mwenyewe hupewa maneno ya siri, kwa kawaida 12 au 24. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye pesa.

Daftari la umma ni orodha ya miamala yote iliyowahi kufanywa kwa sarafu fulani. Katika sarafu kama Bitcoin, daftari hilo liko wazi kwa mtu yeyote duniani mwenye intaneti.

Je, zamani ulikuwa hujulikani kweli?

Watu wengi huamini kwamba Bitcoin haina jina, hivyo hakuna anayeweza kuifuatilia. Si kweli.

Chukua mfano wa chama cha akina mama kinachobandika daftari lake ukutani katikati ya soko. Badala ya majina, daftari lina nambari tu: nambari 47 alitoa shilingi 500, nambari 12 alikopa shilingi 2,000, nambari 47 alimtumia nambari 30 shilingi 800. Kila apitaye anaona, lakini hajui nambari 47 ni nani. Siku moja mtu anagundua kwamba nambari 47 ni wewe. Kuanzia hapo hajui muamala wa leo peke yake. Atarudi nyuma kurasa zote na kusoma kila ulichofanya tangu ulipojiunga, na hakuna anayeweza kulibandua daftari hilo.

Ndivyo sarafu hizi zilivyo. Kinachoonekana kwenye daftari ni anwani, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ni jina la bandia, na jina la bandia huvuka mpaka siku mtu anapoliunganisha na jina la kweli.

Mfano uliojulikana sana ni wa soko la Bitfinex. Agosti 2016 wezi waliingia katika mitambo yake na kuiba karibu Bitcoin 120,000. Kwa miaka kadhaa walizungusha sarafu hizo kutoka anwani moja hadi nyingine wakitumaini njia itapotea. Februari 2022 maafisa wa Marekani waliwakamata mume na mke mjini New York na kutwaa zaidi ya Bitcoin 94,000, ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya takriban dola bilioni 3.6. Wote wawili walikiri makosa mwaka 2023. Daftari lilikuwa limeweka kumbukumbu ya kila hatua tangu siku ya wizi.

Kwa hiyo tunaposema sheria inaondoa kutojulikana, tuelewe kwamba pazia lenyewe lilikuwa jembamba tangu mwanzo. Mahali lilipokuwa zito ni pamoja tu, nalo ni soko. Mtu aliweza kufungua akaunti kwa barua pepe peke yake, akaingiza pesa, akatoa pesa, na kampuni isijue ni nani. Mlango huo ndio unaofungwa.

Kwa nini serikali ziliingilia kati

Sababu ya kwanza ni pesa za wateja zilizopotea. Mnamo Februari 2014 soko la Mt. Gox la Tokyo, ambalo wakati mmoja lilikuwa kubwa kuliko yote duniani, lilifilisika baada ya kusema kwamba Bitcoin takriban 850,000 hazionekani. Baadaye 200,000 kati ya hizo zilipatikana. Wateja walisubiri miaka mingi kupata sehemu ya haki yao. Japani ikatunga sheria ya kuyasajili masoko haya, na ikaanza kutumika Aprili 2017. Novemba 2022 soko jingine kubwa, FTX, lilianguka kwa siku chache tu. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa nchini Marekani kifungo cha miaka 25 Machi 2024 kwa ulaghai, baada ya pesa za wateja kutumiwa kinyume cha makubaliano.

Sababu ya pili ni uhalifu. Wauzaji dawa za kulevya, watekaji na wafadhili wa ugaidi walipenda mlango usiouliza jina. Korea Kusini ilipiga marufuku akaunti zisizo na majina halisi katika masoko haya mwishoni mwa Januari 2018. Mwaka 2019 shirika la kimataifa linaloweka kanuni za kupambana na utakatishaji wa pesa, FATF, lilizitaka nchi zote ziyape masoko ya sarafu za kidijitali masharti yanayofanana na ya benki: kumjua mteja, kuweka kumbukumbu, na kuripoti miamala ya kutilia shaka. Kanuni hizo zinataka pia jina la mtumaji na la mpokeaji lisafiri pamoja na pesa kutoka kampuni moja hadi nyingine, hasa pale kiasi kinapozidi dola 1,000.

Kampuni zilizopuuza zimelipa. Novemba 2023 Binance, soko kubwa kuliko yote duniani, lilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba halikuwa na mpango wa kutosha wa kuzuia utakatishaji wa pesa, likakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4. Mteja wa kawaida katika kaunti yetu alihisi matokeo ya mambo hayo katika simu yake pale programu ilipoanza kumdai kitambulisho.

Kenya ilivyofika hapa

Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwatahadharisha wananchi kwamba Bitcoin na sarafu kama hizo si fedha halali nchini na kwamba anayezitumia hana ulinzi likitokea jambo. Kwa miaka mingi hali ikabaki hivyo. Sarafu hazikuwa zimekatazwa na sheria maalumu, wala hazikuwa na msimamizi.

Kodi ilitangulia usimamizi. Kuanzia Septemba 2023, Sheria ya Fedha ya mwaka huo iliweka kodi ya asilimia 3 ya thamani ya mali ya kidijitali inayouzwa au kuhamishwa. Sheria ya Fedha ya 2025 iliiondoa kodi hiyo na kuweka ushuru wa asilimia 10 wa ada inayotozwa na kampuni. Tofauti ni kubwa. Ukibadilisha sarafu za shilingi 10,000, kodi ya zamani ilikuwa shilingi 300. Kwa utaratibu mpya, ikiwa kampuni inakutoza ada ya shilingi 100, ushuru ni shilingi 10. Ushuru huu haukuondolei wajibu wa kutangaza mapato yako kwa KRA ikiwa unalipwa kazi kwa njia hii.

Februari 2024 FATF iliiweka Kenya katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwa sababu ya mapengo katika vita dhidi ya utakatishaji wa pesa. Kukosa usimamizi wa mali za kidijitali kulikuwa miongoni mwa mapengo hayo. Kuwa katika orodha hiyo kunaweza kuwafanya wanaotuma pesa kutoka ng'ambo na wafanyabiashara wanaoagiza bidhaa wakumbane na ukaguzi mrefu zaidi katika benki.

Oktoba 2025 Rais alitia sahihi Sheria ya Watoa Huduma za Mali za Kidijitali ya 2025, na ikaanza kutumika tarehe 4 Novemba 2025. Sheria hii inazipa taasisi mbili kazi ya kutoa leseni na kusimamia: Benki Kuu ya Kenya na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, yaani CMA. Ilipoanza kutumika, taasisi hizo zilitoa taarifa kwamba hakuna kampuni iliyokuwa imepewa leseni chini yake, na kwamba kanuni za utekelezaji zilikuwa zinaandaliwa. Kwa hiyo mtu akikuambia kampuni yake ina leseni, usimwamini kwa maneno wala kwa cheti alichokutumia kwa WhatsApp. Uliza Benki Kuu au CMA moja kwa moja.

Jina lako linakwenda wapi

Tufuate safari ya kijana anayeandikia kampuni ya ng'ambo makala na kulipwa kwa USDT.

Hatua ya kwanza, anafungua akaunti. Kampuni inachukua jina, nambari ya kitambulisho, picha ya uso, nambari ya simu, na pengine nambari ya PIN ya KRA na anakoishi.

Hatua ya pili, analipwa. Anwani iliyopokea malipo sasa imefungwa kwa jina lake ndani ya rekodi za kampuni. Kumbuka daftari la ukutani: kampuni inaweza kuona pesa zilitoka anwani gani, na anwani hiyo ilizipata wapi.

Hatua ya tatu, anauza USDT na kupokea shilingi kwa simu au benki. Huko pia jina lake lipo tangu alipoandikisha laini. Mnyororo umekamilika.

Hatua ya nne, rekodi zinakaa. Sheria ya kupambana na utakatishaji wa pesa inazitaka taasisi zinazoripoti zitunze kumbukumbu za miamala kwa angalau miaka 7. Kufuta programu kwenye simu yako hakufuti rekodi hizo. Hata ukiomba kufutwa, kampuni inaweza kusema sheria inailazimu kuzitunza, na itakuwa sawa.

Nani anaweza kuziona? Wafanyakazi wa kampuni wenye ruhusa, na msimamizi aliyetoa leseni anapokagua. Muamala ukitiliwa shaka, kampuni inapaswa kuripoti kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, FRC, nayo hairuhusiwi kukuambia kwamba imekuripoti. KRA na polisi wanaweza kupata taarifa kwa kufuata utaratibu wa sheria.

Nani hana haki ya kuziona? Jirani yako, mwajiri wako, mwenye nyumba, mwanasiasa, jamaa anayefanya kazi katika kampuni hiyo na anayetaka tu kujua una pesa ngapi, na ofisi yoyote ya serikali isiyo na sababu ya kisheria. Serikali ya kaunti imo katika orodha hii ya pili. Ofisi zetu haziandikishi watumiaji wa sarafu za kidijitali. Mtu akija mlangoni akisema ametumwa na kaunti kukusanya taarifa za pochi yako, huyo ni tapeli.

Kutojulikana ni kitu kimoja, faragha ni kingine

Daktari anakujua jina na anajua ugonjwa wako. Kwake wewe si mtu asiyejulikana. Lakini hana ruhusa ya kutangaza ugonjwa wako stendi ya matatu. Hujafichika kwake, ila siri yako iko chini ya ulinzi. Hiyo ndiyo faragha.

Katiba ya Kenya, Kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutodaiwa wala kufichuliwa bila sababu taarifa za familia yake au mambo yake ya kibinafsi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imeeleza haki hiyo kwa undani. Unayo haki ya kuambiwa data yako itatumiwa kufanya nini, kuiona data iliyohifadhiwa, kupinga isitumiwe kwa jambo jingine, na kutaka makosa yasahihishwe au taarifa za uongo ziondolewe. Kampuni inayochukua kitambulisho chako ili kutimiza sheria haina ruhusa ya kuuza nambari yako ya simu kwa watangazaji wa mikopo. Data ikiibwa na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ilipogundua. Adhabu kwa anayekiuka inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kutegemea ipi ni ndogo.

Wakenya wameshaona haki hii ikifanya kazi. Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulivuta misururu mirefu jijini Nairobi. Watu walikaguliwa mboni za macho kwa mashine, na kwa kujiandikisha wakapewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mashirika ya kiraia yakaenda kortini, na tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba data hiyo ilikusanywa kinyume cha sheria, bila tathmini ya kutosha ya athari zake, na kwamba idhini iliyopatikana kwa kuwavuta watu kwa sarafu haikuwa idhini halali. Mahakama iliagiza data ifutwe ndani ya siku 7.

Tofauti kati ya kisa hicho na soko linalokuomba kitambulisho ndiyo kiini cha somo. Soko lenye leseni linaomba jina kwa sababu sheria inaliagiza, kwa kusudi linalojulikana na chini ya msimamizi. Asiye na leseni anayetaka macho, alama za vidole au picha ya kitambulisho kwa ahadi ya zawadi hana msingi huo. Kabla ya kutoa chochote, uliza: sheria gani inakutaka unidai hiki?

Hatari ambayo leseni haiondoi

Tuseme ukweli wote. Kampuni inayokusanya majina ya watu wenye pesa inakuwa ghala linalotamaniwa na wezi. Mei 2025 Coinbase, soko kubwa la Marekani, lilitangaza kwamba wahalifu waliwahonga baadhi ya wahudumu wa wateja waliokuwa nje ya Marekani, wakapata majina, anwani za nyumbani, nambari za simu na picha za vitambulisho vya wateja. Walioathiriwa walikuwa zaidi ya 69,000. Wezi walidai dola milioni 20, na kampuni ikakataa kulipa. Nywila hazikuibwa, lakini hazikuhitajika. Mwizi anayejua jina lako, simu yako na kiasi cha akiba yako anaweza kukupigia akijifanya mhudumu, nawe ukamwamini.

Hii ndiyo gharama ya kweli ya kupoteza kutojulikana, na haifai kufichwa. Sheria inapunguza hatari kwa kuilazimu kampuni ilinde data na iwajibike. Haiwezi kuifanya iwe sufuri. Sehemu iliyobaki iko mikononi mwako.

Usimkodishie mtu jina lako

Masharti yalipokaza, biashara nyingine ilizaliwa: kununua na kukodisha akaunti zilizokwisha kuthibitishwa. Kijana anaambiwa, "Fungua akaunti kwa kitambulisho chako, nipe nywila, nitakulipa." Pesa ni chache na zinaonekana rahisi.

Fikiria kinachotokea baadaye. Akaunti hiyo ikipitisha pesa za wizi, jina lililo kwenye kila rekodi ni lako. Uso ni wako. Simu ni yako. Aliyekukodisha ndiye sasa hajulikani, na wewe umekuwa pazia lake. Kumweleza mpelelezi kwamba hukuwa wewe ni kazi ngumu sana ukiwa ulitoa nywila kwa hiari.

Vivyo hivyo kwa biashara ya mtu kwa mtu, ambapo unamuuzia mgeni sarafu naye anakutumia pesa kwa simu. Kama pesa hizo aliziiba kwa mtu mwingine, mwenye mali akilalamika ni laini yako itakayofungwa. Hakikisha jina lililokutumia pesa ni lile lile la unayefanya naye biashara. Likiwa tofauti, simamisha muamala na uripoti kwa soko.

Kabla hujapiga picha ya kitambulisho

1. Thibitisha leseni kwa Benki Kuu ya Kenya au CMA. Usitumie kiungo ulichotumiwa na mtu.
2. Angalia kama kampuni imesajiliwa na Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data, ODPC, kama mtunza data.
3. Soma sehemu ya faragha. Tafuta mambo matatu: data inatunzwa wapi, inashirikiwa na nani, na kwa muda gani.
4. Piga picha ndani ya programu rasmi pekee. Usitume kitambulisho kwa WhatsApp, Telegram au kwa "ajenti" wa mtaani.
5. Tumia nywila isiyotumika kwingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili.
6. Usimpe yeyote maneno ya siri ya pochi, PIN ya simu wala nambari ya uthibitisho inayotumwa kwa ujumbe. Hakuna sheria ya Kenya inayokudai vitu hivyo, na hakuna mhudumu wa kweli anayeviomba.
7. Usitangaze anwani ya pochi yako pamoja na jina lako Facebook au kwenye makundi. Ukifanya hivyo, umeandika jina lako mwenyewe kwenye daftari la ukutani.
8. Kagua laini zilizoandikishwa kwa kitambulisho chako. Kwa Safaricom, piga *106#. Ukiona nambari usiyoijua, iripoti.

Asiye na kitambulisho cha kitaifa asitumie cha ndugu au rafiki. Aombe chake katika ofisi ya usajili wa watu ya eneo lake au kituo cha Huduma.

Nani anashughulikia nini

Masuala ya fedha na benki ni ya serikali ya kitaifa kwa mujibu wa Katiba. Kaunti haitoi leseni ya soko la sarafu za kidijitali, na kibali cha biashara cha kaunti, hata kikiwa kimetundikwa ukutani, si leseni hiyo.

Kwa leseni na mwenendo wa kampuni, nenda kwa Benki Kuu au CMA. Ikiwa data yako imetumiwa vibaya au umenyimwa haki ya kuiona, wasilisha malalamiko kwa ODPC, ambayo sheria inaitaka iyachunguze na kuyamaliza ndani ya siku 90. Ukiibiwa, ripoti kituo cha polisi kilicho karibu na upate nambari ya OB, kisha ijulishe kampuni siku hiyo hiyo. Hifadhi picha za skrini, ujumbe, tarehe na anwani za pochi zilizohusika. Daftari halisahau, na kwa aliyeibiwa hilo ni jambo jema.

Jipime

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani, katika chama au barazani.

*1. Mtu anasema Bitcoin haiwezi kufuatiliwa kwa sababu haina majina. Utamjibu nini?*
Miamala yote iko wazi kwenye daftari la umma. Anwani ikishaunganishwa na jina, historia nzima inasomeka.

*2. Kampuni yenye leseni inakuomba kitambulisho. Je, imevunja faragha yako?*
Hapana, ikiwa inafuata sheria na inakitumia kwa kusudi hilo tu. Ikikiuza au ikikitumia kwa jambo jingine bila msingi wa kisheria, hapo imevunja.

*3. Umefuta programu kwenye simu. Rekodi zako zimefutika?*
La. Kampuni inatakiwa kuzitunza kwa angalau miaka 7.

*4. Rafiki anataka kutumia akaunti yako "kwa wiki moja tu" na atakulipa. Utafanya nini?*
Utakataa. Kila atakachofanya kitakuwa kwa jina lako.

*5. Mhudumu anakupigia, anajua jina lako na nambari ya kitambulisho, na anaomba maneno ya siri ili "kuthibitisha akaunti kwa mujibu wa sheria mpya". Je, ni wa kweli?*
Si wa kweli. Kujua jina lako hakuthibitishi kitu, kwa maana data huweza kuibwa. Kata simu, kisha wasiliana na kampuni mwenyewe kupitia programu yake rasmi.